Kifaa cha GPS, ramani ya karatasi au simu: ubebe kipi mlimani?

Kila kiangazi kinapokaribia, swali huwa lile lile: "Ninunue GPS, au simu yangu inatosha?" Atatokea mmoja aseme simu inatosha na chenji inabaki. Atatokea mwingine, kwa kawaida mtu mzima aliyeanza kupanda milima kabla simu hazijawa na rangi, aseme kwamba bila ramani ya karatasi na dira wewe hujaenda popote, umepelekwa. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia mlima wake.

Vitu tunavyovilinganisha ni vitatu. Cha kwanza ni kifaa cha GPS cha mkononi, kile cha plastiki ngumu chenye vitufe na antena, kinachoenea kiganjani. Wengi huku wanavifahamu vya Garmin, hasa eTrex na GPSMAP. Cha pili ni ramani ya karatasi pamoja na dira. Nasema pamoja, kwa sababu ramani bila dira ndani ya ukungu ni mchoro tu. Cha tatu ni simu yenye programu ya ramani, kama Organic Maps au OsmAnd, na ramani yenyewe ikiwa imepakuliwa kabla ya safari. Mifano mingi nitaitoa Mlima Kenya, kwa kuwa katika safari moja hapo unapita msitu wa mianzi, nyika ya juu yenye nyasi na ukungu, halafu mawe matupu na baridi ya usiku, na kila mahali kifaa kinaonyesha tabia tofauti.

Vigezo

Nitavipima kwa mambo sita: kinakuonyesha vipi ulipo, kinakuonyesha nini kuhusu kilichokuzunguka, kinadumu kwa muda gani bila umeme, kinastahimili vipi mvua, baridi na mikono iliyokufa ganzi, kinagharimu nini na kinapatikana wapi, na kinadai ujuzi gani. Mwishoni nitaongeza la saba ambalo wauzaji hawalitaji: kikifa, kinakuacha katika hali gani?

Usahihi wa vipimo sikuuwekea kigezo chake, na nina sababu. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kipimo kiliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Uvurugaji huo ulizimwa tarehe 2 Mei 2000. Leo simu ya kawaida mahali pa wazi inakosea kwa mita tano hivi, na kifaa cha mkononi kiko karibu na hapo hapo. Anayepotea mlimani hapotei kwa ajili ya mita tano.

Kujua ulipo

Kifaa cha GPS kinasikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, na kinahitaji zisizopungua nne ili kikupe mahali pamoja na mwinuko. Vifaa vya siku hizi husikiliza pia setilaiti za Urusi, za Umoja wa Ulaya na za China, kwa hiyo anga ikizibwa upande mmoja, upande wa pili unasaidia. Antena yake ni nzuri kuliko ya simu, na tofauti hiyo utaiona ndani ya msitu mnene au chini ya ukuta wa mwamba, mahali ambapo mawimbi hugonga jiwe kwanza ndipo yakufikie. Vifaa vinavyopokea masafa mawili ya mawimbi, kama GPSMAP 65s, hupunguza tatizo hilo ingawa havilimalizi kabisa.

Kuna mtego mmoja kwa wanunuzi wa vifaa vya bei ya chini. Si kila kifaa kina dira ya elektroniki ndani yake. eTrex 22x, kwa mfano, haina, 32x inayo. Isiyo na dira inajua unaelekea wapi ukiwa unatembea tu. Ukisimama kwenye njia panda ukaitazama, mshale unaweza kuelekea popote, nawe ukaufuata.

Simu nayo inapokea mawimbi hayo hayo moja kwa moja kutoka angani. Haihitaji bando wala mtandao ili ijue ilipo, na inafanya kazi hata ukiiweka kwenye hali ya ndegeni. Hili linawachanganya watu wengi: wanaona mtandao umekata, wanadhani na GPS imekata. Kazi ya mtandao ni kuharakisha tu. Simu yenye intaneti inapakua taarifa za mizunguko ya setilaiti kwa sekunde chache. Isiyo na intaneti lazima izipokee kutoka kwenye setilaiti zenyewe, na hilo huweza kuchukua dakika kadhaa, hasa kama mara ya mwisho uliitumia ukiwa mji mwingine. Washa huduma ya eneo kwenye simu ukiwa bado getini, mahali pa wazi, usubiri mpaka kile kidoti kitulie.

Ramani ya karatasi haikuambii ulipo. Wewe ndiye unayeiambia. Asubuhi yenye anga safi katika bonde la Teleki, Mlima Kenya, kazi hiyo ni ya dakika mbili: unapima kwa dira uelekeo wa Batian, kilele cha juu kabisa, unapima wa kilele kingine unachokitambua, unachora mistari miwili, na inapokutana ndipo ulipo. Shida ni kwamba mawingu ya Mlima Kenya yana kawaida ya kupanda kabla ya adhuhuri. Yakishafunga, ramani inakusaidia kwa kadiri ya ulivyokuwa ukiifuatilia tangu asubuhi: mito uliyovuka, muda uliotembea, mteremko ulivyogeuka.

Kwa upande wa dira, sisi tumebahatika na tumenyimwa kwa wakati mmoja. Tumebahatika kwa kuwa huku Afrika Mashariki tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli ni ndogo, digrii chache tu. Kwa mwendo wa kilomita moja au mbili haikuharibii kitu. Tumenyimwa kwa kuwa dira nyingi zimesawazishwa kwa ajili ya Ulaya au Amerika Kaskazini, ambako sumaku ya dunia inavuta ncha ya sindano kuelekea chini. Dira ya namna hiyo ukiitumia Nairobi au Mbeya, sindano huinama upande mmoja na kukwaruza kioo. Uliza kama sindano ni ya matumizi ya dunia nzima, au ni ya kanda yetu. Jaribu hapo hapo dukani: ilaze dira mkononi, zunguka taratibu, tazama kama sindano inaelea au inakwama.

Zile mita 300

Hili nalipa sehemu yake kwa sababu linamhusu yeyote anayetaka kutumia GPS na ramani pamoja, na huwa silisikii likitajwa.

Ramani za serikali za 1:50,000 (sentimita moja ya karatasi ni nusu kilomita ya ardhi), za Kenya na za Tanzania, zilichorwa kwa mfumo wa vipimo unaoitwa Arc 1960. Kifaa chako cha GPS kikitoka dukani kimewekwa mfumo mwingine, WGS84, na simu nayo ni hivyo. Mifumo hii miwili inaipa sehemu ile ile ya ardhi namba tofauti, na katika ukanda wetu tofauti hiyo ni kama mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Chukua namba za kambi kutoka kwenye ramani ya karatasi, ziingize kwenye kifaa bila kubadili mpangilio, na kifaa kitakupeleka kwa uaminifu wote mita 300 kaskazini mwa kambi. Kwenye ramani hizo ni milimita sita. Kwenye nyika tambarare utacheka. Kwenye njia ya Chogoria ya Mlima Kenya, inakopita juu ya ukingo wa bonde la Gorges, mita 300 ndiyo tofauti ya kuwa juu ya ukuta au chini yake.

Dawa yake ni ya dakika moja. Kwenye Garmin unaingia sehemu ya mpangilio wa mahali, unachagua UTM, gridi inayohesabu kwa mita, kuwa mtindo wa namba, kisha kwenye orodha ya mifumo unachagua Arc 1960. Baada ya hapo kifaa na karatasi vinazungumza lugha moja. Tuseme kifaa kinakuandikia 37M 0312800 9983100, namba za mahali pasipo mbali na Point Lenana, kilele wanachofikia wapandaji wengi wa Mlima Kenya. Ile 37M ni jina la ukanda. Katika kundi la pili chukua 312, tafuta mstari wa gridi wenye namba hiyo chini ya ramani, kisha kwa zile 800 zilizobaki sogea kulia sehemu nane kati ya kumi za mraba. Katika kundi la tatu chukua 9983, tafuta mstari wake pembeni, panda juu sehemu moja kati ya kumi. Kila mraba ni kilomita moja, yaani sentimita mbili kwenye karatasi, kwa hiyo kwa jicho tu unaweza kujiweka ndani ya mita mia.

Mlima Kenya una kioja cha ziada. Ikweta inapita ubavu wake wa kaskazini, na ukitokea upande wa Nanyuki kuelekea kusini utaona 37N ikibadilika kuwa 37M, na namba ya tatu ikiruka kutoka karibu na sifuri hadi karibu na milioni kumi. Kifaa hakijaharibika.

Kwa simu, programu nyingi zinatumia WGS84 peke yake. Ukitaka kuoanisha na karatasi itakubidi ukumbuke ile tofauti mwenyewe, au uachane na namba na ulinganishe sura ya nchi: mto, kilima, njia panda. Na si kila ramani ya karatasi ni ya Arc 1960; baadhi ya ramani za watalii zinazouzwa madukani zimechorwa upya. Soma maandishi ya pembeni kabla ya jambo lolote.

Kujua kilichokuzunguka

Hapa karatasi inajidai, na ina haki. Karatasi moja ya serikali ya 1:50,000 inafunika eneo la karibu kilomita 27 kwa 27. Ukiitandaza unaona kwa mara moja bonde ulilomo, bonde la jirani, barabara ya karibu, na kwamba mto unaousikia kushoto unaishia kwenye maporomoko. Kuitazama nchi hiyo hiyo kwenye skrini ya eTrex, ya inchi mbili na kidogo, ni kuchungulia chumba kwa tundu la ufunguo. Ukivuta karibu unaona kijia na huoni mlima. Ukisogeza mbali unaona mlima na kijia kimetoweka. Simu ina nafuu kwa ukubwa wa skrini, lakini bado si karatasi.

Udhaifu wa karatasi ni umri. Nyingi zilitokana na picha za ndege za miongo mingi iliyopita. Milima haijahama, mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, bado ni ya kuaminika, lakini mipaka ya misitu, barabara za magogo na vijia vimebadilika mno. Milima ya Usambara ndiyo mfano mzuri. Kati ya Lushoto na Mtae kila shamba lina kijia chake, vingine vya mwaka huu, na hakuna karatasi itakayovionyesha vyote. Simu itaonyesha baadhi. Huko, kwa maoni yangu, kifaa bora kuliko vyote ni "Shikamoo mzee, njia hii inatokea Rangwi?", mradi umsubiri mzee amalize kukuuliza unatoka wapi na unakwenda kwa nani.

Sasa jambo ambalo mnunuzi wa GPS anapaswa kulijua kabla hajatoa pesa. Vijia unavyoviona kwenye simu vimetoka karibu vyote OpenStreetMap, ramani ya hiari iliyoanzishwa mwaka 2004 na kujazwa na watu wa kawaida. Ramani za bure ambazo watu wengi huziweka kwenye vifaa vya Garmin kwa ajili ya Afrika Mashariki zimetengenezwa kwa data hizo hizo. Kwa hiyo kifaa cha gharama hakikuletei vijia vingi kuliko simu. Kijia kikikosekana kwenye simu, kuna uwezekano mkubwa kitakosekana na huko. Na mstari uliochorwa na mtu aliyekuwa akitazama picha ya setilaiti unaweza kuwa njia ya wapandaji, au njia ya ng'ombe kwenda mtoni.

Tena angalia modeli. eTrex SE, iliyotoka mwaka 2023, ina sifa nyingi ila haionyeshi ramani kwenye skrini yake. Inakupa mshale, alama na mstari wa ulikopita. Kuna anayetaka hicho tu. Kuna anayefungua boksi akashangaa.

Chaji

Hapa GPS ndiyo inayorudisha pesa zake. eTrex 22x inatumia betri mbili za AA, zile za rimoti, na mtengenezaji anataja hadi saa 25. Hiyo SE isiyo na ramani inatajwa hadi saa 168 kwa betri mbili hizo hizo. Namba za mtengenezaji zipunguze kidogo kila mara, hata hivyo zinabaki kubwa. Faida nyingine ni kwamba betri za AA utazipata kwenye duka la kijijini, ingawa za bei rahisi hufa haraka penye baridi. Kwa usiku wa juu ya mita 4,000 beba za lithiamu zisizochajiwa.

Simu iliyo kwenye hali ya ndegeni, mwanga wa skrini umeshushwa na unaitazama pale tu unapohitaji, inamaliza siku nzima ya kutembea bila taabu. Simu inayotafuta mtandao porini, inapiga picha na kurekodi mwendo kwa pamoja, inaweza kuzima kabla ya chakula cha mchana. Kinachoimaliza mlimani ni baridi. Inakuandikia asilimia 40, unaitoa mfukoni alfajiri upige picha ya jua, inazima. Ilale nawe ndani ya begi la kulalia, na mchana ikae mfuko wa ndani wa koti. Pawabanki nayo ni vivyo hivyo.

Karatasi haina chaji. Sina la kuongeza.

Mvua, baridi, mikono

Vitufe vya GPS vinabonyezeka ukiwa na glavu na mvua ikinyesha. Skrini ya simu inalidhani tone la maji ni kidole. Katika mvua ya kweli ramani huanza kujivuta na kujisogeza yenyewe, na kidole chenyewe chenye glavu haikitambui. Mfuko wa plastiki wa uwazi unasaidia kidogo. Kwenye jua kali mambo yanageuka tena kwa faida ya GPS: skrini yake inasomeka vizuri zaidi kadiri jua linavyowaka, wakati ya simu inakulazimisha kuongeza mwanga na kula chaji.

Karatasi isiyokingwa, kwenye ule mteremko wa tope wa njia ya Naro Moru, itageuka uji kwenye mikunjo kabla ya jioni. Ipige laminesheni, au ikunje upande unaouhitaji utazame nje na uitie kwenye mfuko wa nailoni unaofungika. Upepo ni adui wa pili: ifunge kwa kamba. Ukiwa na ramani kubwa, nakili kipande cha siku hiyo tu kwenye karatasi ya A4 na uache kubwa ndani ya begi.

Gharama na kupatikana

Simu unayo tayari. Programu nilizozitaja hazikudai kitu kuanza, na ramani ya Kenya au Tanzania unaipakua kwa WiFi.

Ramani ya karatasi ni ya bei nafuu lakini ina safari yake. Kwa Kenya ofisi ya upimaji iko Ruaraka, Nairobi. Kwa Tanzania ni idara ya upimaji na ramani chini ya wizara ya ardhi. Usitarajie kila namba ya karatasi kuwapo. Nenda mapema, ukiwa na jina la eneo na namba ya karatasi unayoitaka. Mlima Kenya na Kilimanjaro zina ramani za watalii madukani. Uluguru au Udzungwa hutazipata kirahisi hivyo. Dira nzuri ni ununuzi wa mara moja.

GPS ndiyo inayouma. Ile eTrex SE ilipotoka Marekani iliuzwa dola 150, na GPSMAP 67i yenye mawasiliano ya setilaiti dola 600. Ongeza usafiri, ushuru, na kwa ile ya mawasiliano, malipo ya huduma ya kila mwezi. Ukinunua iliyokwisha tumika kwa mtu aliyetoka Ulaya, angalia kwanza kama ramani iliyomo si ya Ujerumani tupu.

Ujuzi

Simu inafundishika kwa dakika kumi. GPS inahitaji jioni moja na maelekezo, na mazoezi mtaani: weka alama nyumbani, nenda sokoni, rudi kwa mshale. Ramani na dira zinahitaji kujifunza kwa kweli, ikiwezekana na mtu anayejua, kwenye vilima unavyovijua tayari kama Ngong au vya nyuma ya mji wako. Watu huishia kusoma gridi na kuacha kontua, na kontua ndizo zenye habari. Mistari ikibanana ni mwinuko mkali. Mistari yenye umbo la V inayoelekeza ncha juu mlimani ni korongo, inayoelekeza ncha bondeni ni mgongo wa mlima. Anayezisoma hizo anaijua safari ya kesho kabla ya kulala.

Kikifa

GPS ikizima, aliyekuwa akifuata mstari tangu asubuhi anaweza asijue hata yuko bonde gani, kwa sababu mstari haukumdai atazame nje ya skrini. Dawa ni seti ya betri za akiba, na tabia ya kusoma sura ya nchi kila mnapopumzika. Aina zenye mawasiliano ya setilaiti zina jambo ambalo simu ya kawaida na karatasi hazina: kubonyeza kitufe na kuomba msaada mahali pasipo mtandao, kisha kuandikiana na anayekujibu. Kwa anayekwenda mbali na watu, hilo pekee linaweza kutosha kufanya uamuzi.

Simu ikizima unapoteza kwa pamoja ramani, kamera, tochi, namba za watu na pesa za kulipia boda ya kurudi. Ndiyo maana sipendi iwe peke yake kwa safari ya kulala nje, hata kama ni nzuri.

Karatasi ikipotea imepotea, lakini mara nyingi aliyekuwa akiitumia ameshaikariri nusu yake.

Kila kimoja kinamfaa nani

GPS inamfaa anayetembea siku nyingi mfululizo, anayekwenda mahali pasipo na njia iliyochongwa, anayefanya kazi porini ya kurekodi alama nyingi, na yule anayerudi mara kwa mara mahali pale pale akiwa na kumbukumbu zake za mwendo. Haimfai sana anayepanda mara moja kwa mwaka, atasahau vitufe.

Ramani na dira zinamfaa anayepanga njia mwenyewe, anayeongoza wengine, na anayefurahia kujua jina la kila kilima anachokiona. Asiye na subira ya kujifunza zitamwelemea begi tu.

Simu inamfaa mtu wa safari za siku moja, anayetembea kwenye vijia vinavyojulikana, na anayeanza. Inamfaa pia mwenye GPS au ramani, kama kifaa cha pili.

Kwa hali yako

Unapanda Longonot au vilima vya Ngong, unarudi jioni. Simu yenye ramani iliyopakuliwa na chaji ya kutosha. Kununua kitu kingine kwa ajili hiyo ni kupenda vitu, na si dhambi.

Unapanda Kilimanjaro. Kiongozi mwenye leseni ni lazima kisheria, na njia imekanyagwa na maelfu. Usinunue GPS kwa ajili ya safari hiyo. Ramani ya karatasi ya watalii itakupa raha jioni hemani, ya kuona mlikotoka na kambi ya kesho. Simu itunze kwa ajili ya picha za juu.

Unakwenda Mlima Kenya na wenzako mnaojitegemea. Kumbuka hifadhi hairuhusu mtu kuingia peke yake. Ramani na dira kwa angalau wawili kati yenu, pamoja na simu. Mkivuka kutoka Sirimon kwenda Chogoria na mkaweza kuazima GPS, azimeni. Ukungu wa mchana kwenye nyika ya juu ndiyo hali inayoistahili.

Unatembea Usambara au Uluguru, kijiji hadi kijiji. Simu, mdomo, na mwenyeji wa kulipwa. Ramani ya 1:50,000 ni nzuri kwa kupanga, na haitakusaidia sana kwenye njia panda za mashambani.

Unafanya utafiti wa mimea, kuhesabu miti au kuweka mipaka ya msitu wa kijiji. GPS, bila kusita, na daftari la penseli kwa ajili ya siku itakapogoma.

Unaishi Uingereza na unapenda milima ya huko. Ramani za Ordnance Survey za 1:25,000 zinaonyesha hadi kuta za mashamba na haki za njia, na zinasasishwa. Anza na karatasi na dira, jifunzie huko, kwa sababu huku nyumbani hutapata karatasi ya kujifunzia iliyo rahisi hivyo.

Unaongoza kundi la vijana wa shule au skauti. Karatasi mikononi mwa kila wawili watatu ili wajifunze, GPS kwa kiongozi wa mbele na simu kwa wa nyuma. Kabla ya kutoka getini, viongozi wakubaliane namba watakazosomeana zitakuwa za Arc 1960 au za WGS84, na waandike jibu hilo kwa kalamu juu ya kila ramani.